Zawadi ya Safari: Lipi Lifichwe, Lipi Lisemwe

(Muhadhara uliotolewa baada ya swala ya Isha, Makole, Dodoma)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, vijana wetu wamekuwa wakituuliza: je, inafaa mume kumwandalia mkewe safari ya ng'ambo kwa siri, kisha amshtukize nayo kama zawadi? Na kwa kuwa safari inayotamaniwa na mioyo ya watu wetu kuliko zote ni ya Makka na Madina, usiku huu tutazungumza juu ya Umra.

Asili ya jambo hili ni njema. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kupeana zawadi kwa kuwa huzidisha mapenzi. Na wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba mtu mmoja alimweleza Mtume kuwa ameandikwa kwenda vitani, ilhali mkewe ametoka kwenda Hija. Mtume akamwamuru aende akahiji pamoja na mkewe. Basi mwenye kumsindikiza mkewe kwenye ibada asidhani kwamba anafanya jambo dogo.

Lakini nia njema haitoshi, na katika hili tutaanza kuilaumu nafsi yetu. Tulipokuwa tukisoma Madina, mama wa watoto wetu alibaki hapa Makole miaka minne, akikaanga vitumbua tangu alfajiri ili watoto wale. Sisi tulirudi na shahada na masanduku ya vitabu. Yeye Msikiti wa Mtume aliusikia kwa masimulizi tu. Tukaweka nia ya kumpeleka, tukaifanya siri. Fedha tukawa tunazificha ndani ya jalada la kitabu, matumizi ya nyumbani tukayapunguza bila maelezo, na simu za mawakala wa safari tukawa tunazipokea nje ya nyumba.

Mwezi wa nane alizikuta zile fedha. Hakuuliza ni za nini. Alikaa kimya mpaka watoto walipolala, kisha akasema: "Baba watoto, huyo mwenzangu ni nani?" Baadaye tulicheka, usiku ule hatukucheka.

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimsindikiza mkewe Safiyya (r.a.) usiku, wakapita Maansari wawili, naye akawajulisha kwamba aliye naye ni Safiyya, asije shetani akatia kitu katika nyoyo zao. Ikiwa yeye aliufunga mlango wa dhana mbaya, sisi ni nani tuuache wazi miezi minane? Siri fupi ni zawadi. Siri ndefu ya fedha hugeuka fitina ndani ya nyumba.

Isitoshe, safari hii haiwezi kufichwa yote hata mtu akitaka. La kwanza ni pasi ya kusafiria. Ada ya pasi ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ilikuwa shilingi 150,000, na mwombaji hutakiwa kufika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mumewe hawezi kumwekea vidole.

La pili ni afya. Serikali ya Saudia hutaka msafiri wa Hija na Umra awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo, si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Na huenda mama ana ujauzito, au ananyonyesha, au ana maradhi anayoyajua yeye na daktari wake.

La tatu ni siku zake. Mama Aisha (r.a.) alipata hedhi katika Hija ya kuaga, akaamriwa afanye yote isipokuwa kutufu mpaka atoharike. Anayekata tiketi ya siku chache bila kumuuliza mkewe anaweza kumfikisha Makka, na asiweze kutufu hadi siku ya kurudi. Basi tarehe ni yake kuijua kabla ya wakala kuijua.

La nne ni mali. Asiuze mtu kiwanja cha familia wala mbuzi wa mkewe ili amnunulie mkewe zawadi. Wala asikope kwa riba aende kuomba msamaha wa Mola wake kwa fedha alizoziharamisha Mola huyo huyo. Deni la watu na karo za watoto hutangulia, kwani hata Hija, katika Surat Al-Imran aya ya 97, imefaradhishwa kwa mwenye uwezo tu.

Tuje kwenye hesabu. Chukueni daftari mgawe kurasa nne. Ya kwanza ni ya maandalizi: pasi, vyeti, chanjo, ihramu. Ya pili ni ya njia: kutoka hapa Dodoma hadi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kurudi. Treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mmoja. Kwa wawili, kwenda na kurudi, ni 124,000. Ya tatu ni ya wakala: viza, ndege, malazi na usafiri wa huko. Ya nne, inayosahauliwa, ni ya wanaobaki: chakula na dharura za watoto kwa siku zote mtakazokuwa mbali.

Tena jueni kwamba mawakala wengi hutaja bei kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Tuseme kwa mfano tu kwamba watu wawili wanahitaji dola 3,000. Aliyepanga kwa shilingi 6,900,000 angejikuta anadaiwa 7,800,000, bila yeye wala wakala kukosea. Basi ongezeni sehemu ya tahadhari. Na jumla ikiwa 9,600,000, mwenye kuweka 200,000 kila mwezi atafika baada ya miezi 48. Miaka minne si mingi. Wenzetu wa Malaysia waliweka mfuko wa akiba ya mahujaji tangu mwaka 1963, ili mkulima aache kuuza shamba kwa ajili ya Hija, aende kwa kidogo kidogo.

Wala msidanganywe na urahisi wa bei. Katika Hija ya mwaka 2024 walifariki watu 1,301, na serikali ya Saudia ilitangaza kwamba 83 katika kila 100 hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Viza ya matembezi si kibali cha Hija. Na ambaye hajahiji akumbuke kwamba Umra, pamoja na fadhila zake, haiondoi faradhi ya Hija.

Usiku ule tulimweleza mama watoto yote. Aliomba daftari, akalisoma kwa taa, akaongeza mistari mitatu tuliyoisahau: karo ya muhula wa pili, matumizi ya mama yake mzazi, na mbegu za alizeti za msimu ujao. Kisha akaweka fedha za vitumbua, kwa hiari yake. Hesabu yetu ya miezi minane haikuwa imeona alichokiona yeye kwa robo saa.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili: fichani furaha, msifiche hesabu. Akiba yetu bado haijatimia, na tunaendelea kuweka. Anajua kila kitu, isipokuwa jambo moja dogo ambalo hatutalitaja hapa, kwa kuwa yupo nyuma ya pazia anasikiliza.

Tunamuomba Allah (s.w.) aturuzuku sote ziara ya nyumba Yake kwa mali ya halali, pamoja na wake zetu na wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.