Usalama wa Maji katika Bwawa la Samaki la Nyumbani: Kwa Nini Samaki Hufa Alfajiri

Mada kwa semina ya maafisa ugani na wafugaji wadogo wa samaki

1. Utangulizi

Ufugaji wa samaki nyuma ya nyumba umepata nguvu Afrika Mashariki. Mabwawa ya kuchimba yapo kwenye mabonde ya Morogoro na Mbeya, na matangi ya saruji na ya turubai yanaonekana kwenye viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam. Waandaaji wa semina waliomba mada kuhusu namna ya kutunza maji yawe maangavu na salama. Ombi hilo ni jema, ila lina mambo mawili yasiyofanana. Maji yanaweza kuwa maangavu na samaki wakakonda kwa njaa. Yanaweza pia kuwa ya kijani na samaki wakanenepa.

Mada hii haikusudii kulaumu taasisi yoyote. Maafisa ugani wachache wanahudumia wafugaji wengi, mara nyingi bila usafiri wala vifaa. Hata hivyo lipo tatizo moja ambalo limezungumzwa kwenye mikutano mingi na bado linaua samaki kila masika. Sehemu kubwa ya mada imetengwa kwa ajili yake.

2. Maana na vipimo vya msingi

Washiriki wanafahamu haya, kwa hiyo yatatajwa tu. Ubora wa maji ni hali ya maji inayomwezesha samaki kupumua, kula, kukua na kujikinga na magonjwa. Sato hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji inapendeza ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Kipimo cha pH kinafaa kikiwa kati ya 6.5 na 9. Amonia, inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, inatakiwa iwe kidogo kadiri inavyowezekana.

Vipimo hivi vimo katika kila kijitabu cha ufugaji. Ambacho mara nyingi hakimo ni saa ya kuvipima.

3. Tatizo kuu: bwawa linalopimwa saa nne asubuhi

Mfugaji anaamka saa kumi na mbili na kuwakuta sato wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Wamejikusanya pale maji mapya yanapoingilia. Wakubwa wameanza kugeuka matumbo juu, ilhali vifaranga bado wanaogelea. Anampigia simu afisa ugani. Afisa anafika saa nne, baada ya kutafuta pikipiki, anatumbukiza kipimo na kusoma oksijeni miligramu 6 au 7. Anaandika kwenye fomu kwamba maji ni mazuri. Mfugaji anabaki na ndoo ya mizoga na swali lisilo na jibu, na jirani ndiye anayeanza kutiliwa shaka kwamba ametia sumu.

Kipimo hakikukosea. Kilichelewa. Mwani, yaani viumbe vidogo vya kijani vinavyoyapa maji rangi, hutengeneza oksijeni mchana kwa msaada wa jua. Jua likizama, kazi hiyo inasimama, lakini upumuaji hausimami. Samaki, mwani wenyewe na bakteria wanaoozesha mabaki kwenye tope wote wanavuta oksijeni ileile usiku kucha. Inapofika saa kumi au kumi na moja alfajiri, akiba imefika chini kabisa. Jua likichomoza inaanza kupanda, na kufikia saa nne ushahidi umeshafutika.

Ukubwa wa akiba hiyo huwashangaza wengi. Chukua bwawa la mita 10 kwa 15 lenye kina cha wastani cha mita 1. Lina lita 150,000. Kwenye joto la nyuzi 30, maji yaliyoshiba oksijeni kutoka hewani hubeba takriban miligramu 7.5 kwa lita. Kwa hiyo bwawa zima, na maji yake yote hayo, lina oksijeni isiyozidi kilo 1 na robo. Maji yakiwa ya moto zaidi, au bwawa likiwa kwenye nyanda za juu, akiba inapungua tena.

Sasa tuingize chakula. Bwawa hilo likiwa na sato 450 wenye wastani wa gramu 200, uzito wote ni kilo 90. Kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito kwa siku, wanahitaji kilo 2.7 za chakula. Mfugaji asiye na mizani, anayetaka wakue haraka, anamwaga kilo 5. Kilo 2.3 za ziada zinazama na kuoza, na kuoza kunatumia oksijeni. Kwa mwezi mmoja ziada hiyo ni kilo 69. Ikiwa chakula kina protini asilimia 30, hizo ni zaidi ya kilo 3 za nitrojeni. Nitrojeni inarutubisha mwani, mwani unakuwa mzito, na usiku unadai hewa yake. Mfugaji analipia chakula dukani, kisha chakula hicho kinachukua pumzi ya samaki wake.

Hali inakuwa mbaya zaidi pale mtu anapochanganya samadi ya kuku na chakula cha vidonge katika bwawa lilelile. Samadi ina nafasi yake: inaotesha chakula cha asili kwa anayeanza au asiyemudu vidonge. Ila bwawa linalopokea chakula kamili kila siku limesharutubishwa na mabaki na kinyesi. Kiroba cha samadi kilichozamishwa kwenye kona ni mzigo juu ya mzigo.

Masika ndiyo yanayomaliza. Siku mbili tatu za mawingu zinapunguza oksijeni inayotengenezwa mchana, huku matumizi ya usiku yakibaki palepale. Mvua kubwa ya baridi inaweza kupindua maji: ya juu yanapoa na kushuka, ya chini yasiyo na hewa yanapanda. Hata ziwa kubwa halisalimiki. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara walikufa kwa wingi upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, na serikali ya nchi hiyo ikaeleza kuwa chanzo ni upungufu wa oksijeni uliofuatia dhoruba zilizochanganya maji. Ikiwa ziwa linaweza kukosa pumzi, bwawa la lita 150,000 lina sababu zaidi ya kuchungwa.

Kambale amewapotosha wengi katika jambo hili. Ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya matamvua, kwa hiyo anaishi kwenye maji ambayo sato angekufa. Mfugaji anaona kambale wazima na kuamini maji ni mazuri. Amonia, hata hivyo, inamuumiza kambale pia, na kambale wachanga ambao kiungo hicho hakijakomaa wanategemea oksijeni ya majini kama samaki wengine.

Tukio la alfajiri lina mwenzake wa alasiri. Mwani unapotumia hewa ya ukaa mchana, pH inapanda, na kwenye maji mazito ya kijani inaweza kufika 9 au kupita. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9 na joto la nyuzi 28, sehemu hiyo inafika karibu asilimia 40. Kiasi kilekile cha amonia ambacho asubuhi hakikudhuru kinaweza kuunguza matamvua saa tisa alasiri. Kipimo cha saa nne hakioni hili wala lile.

Je, mfugaji asiye na kifaa cha mamilioni afanye nini? Afunge kamba kwenye mfuniko wa ndoo, apime wingi wa mwani. Mwaka 1865 padri na mwanaanga wa Italia, Angelo Secchi, alitumia sahani nyeupe iliyozamishwa baharini kupima uangavu wa maji, na kipimo chake bado kinatumika duniani kote. Toleo la nyumbani linatengenezwa kwa mfuniko wa plastiki wenye upana wa sentimita 20, uliogawanywa robo nne na kupakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Katikati inafungwa nati nzito chini, kamba juu, na kamba inapigwa fundo kila sentimita 10. Inazamishwa taratibu mchana, mpimaji akiwa ameweka jua mgongoni. Pale mfuniko unapopotea machoni ndipo pa kusoma.

Kwenye bwawa la sato la kuchimba, ukipotea kati ya sentimita 25 na 40, mwani ni wa kiasi. Ukipotea kabla ya sentimita 20, alfajiri itakuwa ngumu. Ukionekana hadi mita moja, maji ni maangavu mno: chakula cha asili ni haba, jua linafika chini na kuotesha magugu, na mdiria anachagua samaki kama yuko sokoni. Asiye na mfuniko atumbukize mkono. Kiganja kikipotea maji yakiwa karibu na kiwiko, hali ni nzuri. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, samadi isimame na chakula kipungue siku hiyohiyo. Kipimo hiki hakifai pale maji yanapokuwa ya udongo badala ya kijani. Hapo kazi ni kupanda nyasi kwenye kingo na kuzuia maji ya mvua yanayoteremka na matope.

Historia ya karibu inatoa somo. Mwaka 2009 Kenya, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, ililenga kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila moja la mita 300 za mraba. Mpango huo uliwaingiza maelfu ya watu katika ufugaji, na hilo ni jambo kubwa. Baadaye mabwawa mengi yalitelekezwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni gharama za chakula, uhaba wa maji na ufuatiliaji hafifu. Taarifa zetu nyingi bado zinahesabu mabwawa yaliyochimbwa na vifaranga vilivyogawiwa. Samaki waliokufa kabla ya mavuno hawana safu yao kwenye fomu.

4. Mambo mengine kwa ufupi

Maji ya bomba yana klorini inayoua samaki. Yaachwe wazi kwenye tangi siku moja au mbili kabla ya kutumika. Tangi jipya la saruji lijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kupandikiza, kwa kuwa saruji mpya inapandisha pH. Bwawa lenye udongo wa tindikali litiwe chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba. Chokaa moto itumike kwenye bwawa tupu tu.

5. Mapendekezo

Kwa wafugaji:

(i) Wapime samaki wachache kwenye mizani kila wiki mbili, na chakula kikokotolewe kwa uzito huo.

(ii) Chakula kitolewe mara mbili, jua likiwa limepanda, na kisitolewe jioni. Kisipoisha ndani ya dakika 15, mlo unaofuata upunguzwe.

(iii) Siku za mawingu mfululizo chakula kipunguzwe au kisitishwe. Sato hafi kwa kukosa mlo wa siku moja.

(iv) Samadi na chakula kamili visichanganywe.

(v) Uangavu upimwe kwa mfuniko au mkono kila wiki, na kila siku wakati wa masika.

(vi) Bwawa litembelewe saa kumi na moja alfajiri angalau mara mbili kwa wiki.

(vii) Samaki wakionekana wanahema, chakula kisimame, maji mapya yaingizwe kwa kurushwa kutoka juu, na pampu irushe maji ya bwawa hewani. Maji ya kutolewa yavutwe chini, palipo na maji mabovu.

(viii) Tope liondolewe kila baada ya mavuno, bwawa likauke mpaka lipasuke nyufa.

Kwa maafisa ugani:

(ix) Saa ya kipimo iandikwe kila mara. Oksijeni isiyo na saa isihesabiwe kuwa taarifa.

(x) Mfugaji afundishwe kupima mwenyewe alfajiri, kwa kuwa afisa hawezi kuwa kwenye kila bwawa saa hiyo.

(xi) Kila mafunzo ya kuchimba bwawa yawe na zoezi la kukokotoa chakula na la kutengeneza mfuniko wa kupimia.

(xii) Kabla ya kutaja sumu au ugonjwa, ulizwe kwanza mlo wa jana, mawingu ya juzi na rangi ya maji.

Kwa halmashauri na wizara husika:

(xiii) Utaratibu wa kazi uruhusu ziara za alfajiri, na posho ya usafiri izingatie hilo.

(xiv) Kila kata yenye wafugaji ipate angalau kipimo kimoja cha oksijeni cha kuazimana, na fungu la kukitunza.

(xv) Fomu za taarifa ziongezwe safu tatu: saa ya kipimo, kina cha uangavu, na idadi ya samaki waliokufa kabla ya mavuno.

(xvi) Ugawaji wa vifaranga uambatane na ufuatiliaji wa maji mpaka mavuno ya kwanza.

Kwa wauzaji wa vyakula vya samaki:

(xvii) Mfuko uandikwe kwa Kiswahili kiasi cha kulisha kulingana na uzito wa samaki, pamoja na onyo la kupunguza chakula siku za mawingu.

Kwa waandaaji wa semina:

(xviii) Mapendekezo ya (ix) na (xv) yamewahi kutolewa katika vikao vilivyopita. Inaombwa yaingizwe kwenye maazimio yakiwa na jina la mtekelezaji na tarehe ya mwisho, na semina ijayo ianze kwa kusoma yaliyotekelezwa.

(xix) Ratiba ya ziara ya mafunzo iliyopangwa saa tatu asubuhi isogezwe hadi saa kumi na moja alfajiri, ili washiriki wapime bwawa lilelile mara mbili, alfajiri na saa nne, na kulinganisha namba hizo wenyewe.