Anayeuguza Naye Apumzishwe

(Hotuba iliyotolewa ukumbini siku ya maadhimisho)



Nimeombwa niseme machache juu ya huduma. Mimi si msomi. Elimu yangu iliishia sekondari, na umri wangu wote nimeupitisha nyuma ya kaunta hapa Mombasa nikiuza misumari, rangi na mabati. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikizungumza kama mwenye duka, yaani kwa hesabu.

Mama yangu, tuliyemwita Ba, alipatwa na kiharusi, na kwa miaka saba hakuweza kujigeuza kitandani. Watu wengi walinisifu kuwa mimi ni mwana mwema. Sifa hizo nilizipokea bila haya, ilhali kazi ilifanywa na mke wangu. Mimi nilifungua duka asubuhi nikarudi jioni. Nikamgusa Ba miguu, nikamjulia hali, nikaketi kula. Yeye alimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili mgongo usifanye vidonda. Alimwosha, akamlisha uji mzito kijiko kwa kijiko usije ukampalia, akafua mashuka. Harusi ya binti wa kaka yake ilifanyika Kisumu, naye hakwenda. Sikumkataza. Nilimwuliza tu, "Nani atabaki na Ba?" na swali hilo likatosha.

Ba alipofariki niliketi na daftari la matumizi. Dawa, nepi, kiti cha magurudumu, mtaalamu wa kunyoosha viungo: vyote vilikuwa na risiti. Kazi ya mke wangu haikuwa na mstari hata mmoja. Basi nikapiga hesabu: lau ningaliajiri wauguzi wawili, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, kwa miaka hiyo saba, ningalilazimika kuuza ghala. Nikamwonyesha. Akaitazama karatasi ile kitambo, kisha akasema, "Sikutaka mshahara. Nilitaka Jumapili moja."

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliishi na mwenye mzigo nyumba moja, na bado niliuona usufi.

Hata hivyo, sisi tulikuwa na duka. Kando ya barabara hii yuko mama mmoja, nisiyemtaja, aliyekuwa akikaanga viazi karai na bajia jioni. Wengi wenu mmezila. Mumewe alipoanguka, akazima jiko. Hapo zimepotea vitu viwili kwa siku moja: nguvu za mume na kipato cha mke. Huyo hahitaji Jumapili peke yake, anahitaji unga.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali, si kwa jamaa peke yao. Kwa mpango wa Inua Jamii, mzee aliyetimiza miaka 70 na kuandikishwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa nazo zimo katika mpango huo. Tushukuru, lakini Ba alitumia nepi tatu kwa siku, na aliyewahi kuzinunua anajua elfu mbili hufika tarehe ngapi.

Dada yangu aishiye Leicester alimwuguza mumewe. Uingereza ina posho ya mwenye kuuguza nyumbani saa 35 au zaidi kwa wiki, iliyoanzishwa mwaka 1976. Hata huko, wanawake walioolewa walinyimwa hadi mwaka 1986, kwa dhana kwamba wao wangekuwa nyumbani tu! Dada husema posho yenyewe ni ndogo, ila barua ilikuja kwa jina lake, na kwa mara ya kwanza mtu alikiri kuwa ile ni kazi.

Najua baadhi ya wazee wetu watasema kuwa kumtunza mzazi ni seva, na seva hailipwi. Nawaheshimu. Lakini kila adhuhuri Maharaj hufunga pazia ili Bwana apumzike, na hapana mtu athubutuye kulifungua kabla ya alasiri. Ikiwa Mungu twampumzisha, itakuwaje tuone haya kumpumzisha mkaza mwana?

Ombi langu ni hili. Ukumbi huu ni mtupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Tuufungue alasiri ya Jumanne na ya Alhamisi, wagonjwa waletwe hapa, awepo muuguzi mmoja wa kulipwa na watu wa zamu kutoka miongoni mwetu. Mlango ujengewe mteremko wa kiti cha magurudumu. Saruji na nondo nitatoa mimi. Pili, tuanzishe mfuko wa kumsaidia kila mwezi yule aliyefunga kazi yake ili auguze, awe wa dini yoyote, mradi ni jirani. Kodi ya chumba changu kimoja cha duka itaingia humo kuanzia mwezi ujao. Na katika zamu hizo wanaume waandikwe pia, wajifunze kumgeuza mgonjwa. Mimi nimejifunza nikiwa nimechelewa, kwa mto badala ya mama.

Daftari la majina liko juu ya meza pale tunapovulia viatu. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali msiondoke nayo.