Msaada Usiongoja Kuombwa

 

Ndugu Waislamu mliomo msikitini hapa Musoma, nanyi mnaotusikiliza majumbani na shuleni huko Bunda na Butiama: sisi ni watu wa ziwa. Anayevuka kutoka Mwigobero kwenda Kinesi, au kutoka Kisorya kwenda Ukerewe, anajua kuwa chombo cha majini hubeba roho za watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichopewa jina la mwana wa Butiama, kilipinduka karibu na gati la Ukara, wakafariki watu zaidi ya 220. Wavuvi walikimbilia pale na mitumbwi yao bila kungoja amri. Kwa kuwa msiba wa namna hiyo tunaufahamu, nisikilizeni niwaeleze msiba wa bandari ya mbali, uliotokea katika Vita Kuu ya Kwanza, vita vile vile vilivyowamaliza wapagazi wengi wa nchi yetu.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, katika bandari ya Halifax, nchini Kanada, meli ya Kifaransa iitwayo Mont-Blanc iligongana na meli ya Kinorwe iitwayo Imo. Mont-Blanc ilikuwa imepakia zaidi ya tani 2,500 za baruti na vitu vinavyoshika moto upesi. Bendera nyekundu ya kuonya haikupandishwa, kwa kuzihofia nyambizi za adui. Moto ukawaka. Mabaharia wakaruka katika mashua wakipiga kelele za kuonya, lakini kwa Kifaransa, na watu wa pale hawakuwaelewa. Kwa muda wa dakika 20 hivi watu walisimama madirishani, na watoto njiani kwenda shule, wakiutazama moshi. Kisha meli ikalipuka. Walikufa watu wapatao 2,000, na wapatao 9,000 wakajeruhiwa. Wengi walipoteza macho kwa vioo vya madirisha yale yale waliyokuwa wakichungulia. Fikirini, ndugu zangu: mji mzima ulikaa karibu na mzigo ule, na wenye kujua walikuwa wachache mno.

Mmoja wa waliojua alikuwa Vincent Coleman, karani wa simu za reli. Alikuwa amekwisha kuondoka, akarudi mezani kwake kupeleka habari ya kuyazuia magari moshi yasiingie mjini. Akafa hapo hapo. Katika gari moja lililokuwa likija walikuwamo abiria wapatao 300.

Kesho yake ikaanguka theluji nzito juu ya majeruhi na wasio na makao. Lakini huko Boston, nchini Marekani, gavana wa jimbo la Massachusetts alikuwa amekwisha kupeleka simu ya kuuliza haja zao. Nyaya zilikuwa zimekatika, jibu halikuja. Hakulingojea. Usiku ule ule wa tarehe 6 gari moshi liliondoka Boston na madaktari, wauguzi na dawa. Likapambana na theluji njiani, likafika asubuhi ya tarehe 8. Sisi mara nyingi twamwuliza jirani aliyefiwa: «Nikusaidie nini?» Kisha twakaa kungoja jibu, naye hana hata nguvu ya kusema.

Wala tusisifu kupita kiasi. Pembeni mwa Halifax palikuwa na kijiji cha Africville, cha watu weusi wenzetu kwa asili. Nao waliumia, lakini fedha za kujenga upya hazikuwafikia kwa haki. Anayegawa msaada amepewa amana, na hapo wagawaji waliikhini.

Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kumshukuru binadamu ni sehemu ya kumshukuru Muumba. Mwaka 1918 watu wa Nova Scotia, ndilo jimbo lenye Halifax, waliwapelekea watu wa Boston mti wa Krismasi kuwa shukrani. Sikukuu hiyo si yetu, lakini shukrani twaijua. Desturi hiyo ilifufuliwa mwaka 1971, na tangu hapo kila mwaka mti hukatwa Nova Scotia ukasafirishwa hadi Boston, na watu ambao mwaka 1917 walikuwa hawajazaliwa.