Mkia, Fimbo na Kamba: Mpindo Ujiendeshe Hadi Wapi?

Mkia wa paka ukiundwa kwa mfupa mmoja ndani ya kompyuta, hugeuka kama mlango kwenye bawaba. Ukiundwa kwa mifupa 6 unaanza kufanana na mkia, ila mhuishaji sasa ana viungo 6 vya kuhangaika navyo kila paka anapogeuka. Ndiyo maana waundaji wa viunzi hivi vya mifupa hupenda mpindo unaojiendesha: geuza mfupa wa shina, mingine ifuate. Hoja yangu ni kwamba kinachofaa kujiendesha ni mgawanyo wa mpindo tu, yaani wapi papinde kiasi gani na pachelewe kiasi gani. Uamuzi wa kupinda ubaki kwa mhuishaji.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye ngozi. Kwa kawaida kila nukta ya ngozi hupewa uzito kwa mifupa iliyo jirani nayo, kisha nafasi yake hutafutwa kwa wastani. Chukua nukta iliyo upande wa ndani au wa nje wa mkunjo, inayovutwa nusu kwa nusu na mifupa miwili. Kiungo kikikunjwa nyuzi 90, nukta hiyo hubaki na asilimia 71 hivi ya umbali wake kutoka kwenye kiungo, na ngozi inabonyea. Gawa nyuzi hizohizo kwa viungo 6, pamoja na kile cha shina, kila kimoja nyuzi 15, na upungufu haufiki hata asilimia 1. Kusokota ndiko kubaya zaidi: nyuzi 180 kwenye kiungo kimoja huikaba ngozi katikati kama karatasi ya peremende. Kwa hiyo mgawanyo haupunguzi kazi tu, unaliokoa umbo lenyewe.

Ushahidi wa pili ni wakati. Katika Luxo Jr., filamu fupi ya Pixar ya 1986, waya wa umeme huburuzika nyuma ya taa ndogo inaporuka, na mtazamaji anaamini kuwa taa ile ina uzito. Kiunzi kinaweza kuleta hali hiyo kwa kanuni nyepesi: kila mfupa unakili mgeuko wa ule uliotangulia, kwa kuchelewa fremu 2. Mfupa wa 6 utakuwa nyuma kwa fremu 10, karibu nusu sekunde kwa kasi ya fremu 24. Shina likipunga kwa mzunguko wa fremu 20, mfupa wa mwisho utakuwa unakunjika upande wa pili kabisa, na mkia utajichora mawimbi ambayo hakuna aliyeyachora.

Watasema: kwa nini tusiiachie fizikia yote? Kwa nywele za Merida katika filamu ya Brave ya 2012, hilo lilikuwa jibu sahihi, maana nywele hazina nia. Lakini mkono wa pweza Hank katika filamu ya Finding Dory una nia: unashika, unasita, unadanganya. Isitoshe, uigaji wa fizikia hujengwa fremu juu ya fremu: gusa fremu ya 40, na yote yanayofuata yanaweza kubadilika, hata yale ambayo mwongozaji alishayapitisha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fomula moja hufanya kila kitu kipinde sawasawa. Ni kweli, na kosa ni la kugawa sawa. Fimbo ya kuvulia samaki ingekuwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho, ingepinda zaidi karibu na mkono, kwenye mzigo mkubwa. Lakini imechongoka, na kwa fimbo ya mviringo, unene ukipungua nusu ugumu wa kupinda hushuka mara 16. Ndiyo maana mkunjo hukimbilia nchani. Kamba haina ukaidi huo, inalegea kote. Mgawo wa kila mfupa basi usomwe kwenye kitu chenyewe, na juu ya fomula kila mfupa uachiwe kishikio chake cha mkono. Paka akitaka kuangusha kikombe kwa ncha ya mkia, fomula haijui kama kikombe kipo.