Kitabu, Utawala na Jina la Taifa: Mafunzo Kutoka Mbale

 

Kila asomaye vitabu vya kale vya Kiebrania, ikiwamo Taurati kama Wayahudi waisomavyo, hukutana na swali moja. Mtu wa Bani Israil ni nani? Je, ni yule aliyezaliwa katika ukoo, au ni yule aliyeshika ahadi ya Mungu? Wanazuoni wa vyuo vikuu wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi. Lakini watu wa mashariki ya Uganda hawana haja ya kusafiri mbali ili kuliona, maana limo katika vilima vya Mbale.

Hapo kwanza "Myahudi" lilikuwa jina la nchi, yaani mtu wa Yuda, ufalme mdogo ambao mji wake mkuu ulikuwa Yerusalemu. Yapata mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Wababeli waliuteketeza mji huo na kuwahamisha wakubwa wake. Mwaka 539 Koreshi, mfalme wa Waajemi, aliiteka Babeli, na waliohamishwa wakapewa ruhusa ya kurudi. Walirudi bila ya mfalme wao wenyewe. Basi taifa lisilo na mfalme litajulikana kwa nini? Ndipo Sabato, tohara na Kitabu vilipochukua mahali pa enzi.

Hata hivyo, vitabu vyenyewe havina jawabu moja. Kitabu cha Ezra chaeleza jinsi wanaume walivyotakiwa kuwaacha wake wa mataifa mengine. Kitabu cha Ruthu chamsifu mwanamke wa Moabu aliyeambatana na mavyaa wake, akawa bibi katika ukoo wa Nabii Daud. Nacho kitabu cha Esta chasimulia juu ya watu wa dola ya Uajemi waliojiita Wayahudi kwa sababu ya kuwaogopa Wayahudi, walipokwisha kupata nguvu.

Sasa na itazamwe habari ya Semei Kakungulu, ambaye asichanganywe na Badru Kakungulu, mwana wa ukoo wa kifalme aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Uganda. Semei alikuwa jemadari Mganda, Mprotestanti, aliyepigana na jeshi la Waislamu katika vita vya dini vya mwaka 1889 na 1890. Baadaye aliwatiisha watu wa mashariki kwa faida ya Waingereza, akitumaini kufanywa mfalme wa huko; hakufanywa. Tangu 1906 hata 1913 alikuwa rais wa baraza la Busoga, nchi ya Jinja, kisha akarudi Mbale, mji alioanzisha mwenyewe, naye cheo chake kimepungua.

Huko akajiunga na Bamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali kwa hoja za Biblia. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walipompinga wakisema tohara ni ya Wayahudi, alijibu, kama wafuasi wake wasimuliavyo, kwamba basi yeye ni Myahudi. Jumuiya yake ikaitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi.

Wako waonao hapo hasira ya mtu aliyenyimwa ufalme. Wafuasi wake waona uongofu. Yamkini yote mawili ni kweli, kama ilivyokuwa kwa Yuda ya kale. Msiba wa siasa waweza kumsukuma mtu kwenye Kitabu, lakini hautoshi kumweka hapo. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Kisha katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hata 1979, Abayudaya walikatazwa ibada yao. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo, wakabaki mia chache tu. Hao hawakuwa kama watu wa kitabu cha Esta, kwani walilishika jina wakati halikuwa na faida yoyote. Na jambo hili lawahusu sana Waislamu, kwa kuwa mtawala yule alikuwa Mwislamu, ilhali dini ya Kiislamu haimtaki mtu aingie kwa hofu.

Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwathibitisha mamia ya Abayudaya katika Uyahudi. Hata hivyo serikali ya Israeli imewakatalia baadhi yao haki ya kuhamia huko. Mabishano ya Ezra na Ruthu hayajakwisha.

Waislamu wa Jinja na Mbale nao ni Wasoga, Wagisu, Wanubi na Wahindi, waliounganishwa na shahada wala si damu. Mbale ina Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988. Na mwaka 2004 wakulima wa kahawa wa pande hizo, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, waliunda ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Basi vijana na wasome habari za Ahlul-Kitabi kwa elimu na uadilifu, na jirani aulizwe mwenyewe imani yake, asitajiwe na mwenye nguvu.

Wabillahi tawfiq.