Kilomita 5 za Nani?



Leo nataka tuzungumze kuhusu ramani. Najua kuna atakayeuliza, ramani na haki zetu wapi na wapi? Nisikilizeni kidogo.

Ukitaka kujua kama kijiji kina huduma ya afya, hesabu ya mkato ni hii: je, kuna zahanati ndani ya kilomita 5? Mtu ofisini anachora duara kwenye ramani. Aliye ndani amefikiwa, basi, faili imefungwa.

Sasa chukulieni kijiji kando ya mto Tana. Zahanati iko kilomita 3, lakini iko ng'ambo. Mvua zikija mto unafurika, mtumbwi hauvuki, na mama ameshikwa na uchungu usiku. Kwa duara lile, huyu mama amefikiwa! Kumbe aliye kilomita 20 kando ya lami atafika kabla yake.

Hapo ndipo mfumo wa GIS unapotufaa. Kompyuta inapanga ramani juu ya ramani: watu wanakoishi, barabara, mito, milima, vituo vya afya. Kisha inahesabu muda, kwa miguu au kwa gari. Mwaka wa 2018 watafiti, baadhi yao wa hapa Kenya, walipima hivyo Afrika kusini mwa Sahara. Asilimia 29 ya watu walikuwa zaidi ya saa 2 kutoka hospitali ya umma yenye huduma ya dharura.

Na si hisani tunaomba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 110, inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 unaotumia GIS. Katiba, kifungu cha 43, inatupa haki ya afya. Kifungu cha 35, haki ya kupata habari. Basi tuulize: mpango wetu uko wapi, na kijiji chetu kimo?

Lakini kompyuta haijui njia gani hufungwa na maji. Wewe ndiye unayejua. OpenStreetMap ni ramani ya bure, yeyote ana ruhusa ya kuongeza kijiji, njia au kivuko. Simu unayo. Tuanze na kwetu, halafu kikao cha bajeti cha kaunti kikiitishwa, twende na ramani mkononi.

Asiyeonekana kwenye ramani, hata kwenye bajeti hayumo.