Mtoto Anapotaka Kusomea Mazingira Chuo Kikuu

Leo sitazungumza habari za mbolea wala mbegu. Barua moja imetufikia kutoka kusini ya Unguja, na mwenyewe ameomba asitajwe jina. Anasema binti yake amefaulu kidato cha sita, na sasa anataka kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya mazingira. Mzee huyu ana mtamba mmoja tu. Anauliza, "Je, niuze mtamba wangu ili mtoto akasome habari za takataka?"

Nilipoisoma barua hii nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo aliyasema mjomba wangu siku ile niliyobeba sanduku langu kwenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwetu sisi ukitaja mazingira, mtu anaona fagio na pipa. Kufagia ni jambo jema, lakini hakuna haja ya kukaa chuoni miaka mitatu ili ujue kufagia.

Basi mzee wangu, kaa kitako nikueleze anachokwenda kusoma binti yako.

Atasoma kemia ya maji na ya udongo. Atasoma mimea na wadudu. Atasoma hesabu, tena nyingi, na hapo ndipo wengi wetu tulipotokwa na jasho. Tazama visima vyetu. Unguja haina mto mkubwa, na maji mengi tunayokunywa yanatoka chini, ndani ya mawe ya matumbawe. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hivyo yanaelea juu yake. Ukiweka pampu ukavuta mengi kupita kiasi, ya chumvi yanapanda kushika nafasi. Mtu wa kawaida anaonja kisima chake anasema, "Kimeharibika." Aliyesoma anauliza kimeharibika lini, chumvi ni kiasi gani, nani kachimba jirani, na mvua ya masika ilikuwaje.

Lakini mimi nataka kukupa habari ya mwani, kwa kuwa mwani ndio ulionisomesha. Mtasema mwani si kazi ya bwana shamba. Ni kweli, una wenyewe wanaohusika nao, nami naomba radhi kwao.

Mimi ni mtoto wa Jambiani. Mwani nao zamani ulikuwa takataka ya bahari. Tangu miaka ya 1970, mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Keto Mshigeni, alikuwa akiuchunguza mwani wa pwani yetu. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mama yangu alikuwa miongoni mwa waliofunga kamba mapema. Alipanda aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo iliyokuwa na bei nzuri, kwa sababu utomvu wake unagandisha zaidi, na viwanda vya nje vinautaka kwa vyakula na dawa za meno. Sare zangu za skuli, daftari, hata mafuta ya taa ya kusomea, vyote vilitoka kwenye kamba zile.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ikaanza kufa. Matawi yanageuka meupe kama barafu, yanalainika, yanakatika, yanakwenda na maji. Mama akapanda tena, ikafa. Akabadilisha mahali, ikafa. Wakasema watu: husuda. Wengine wakasema wanawake wamekuwa wavivu, hawaangalii mashamba yao. Neno hili la pili lilimuuma zaidi. Mtu anayeamka alfajiri, akashinda na maji ya kiunoni, anaitwa mvivu! Akabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo, na mwaka ule dada yangu akaacha skuli.

Miaka ikapita, nami nikafika chuo kikuu. Nikajifunza kwamba kotonii haistahamili joto kama spinosamu. Maji yakipanda sana kupita nyuzi 30, mmea unadhoofika, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinapata mlango, na tawi linakuwa jeupe. Nikajifunza pia kwamba dunia nzima inapata joto kwa hewa ya ukaa inayotoka katika mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada limeingia baharini. Nikaona sasa nimeshajua kila kitu.

Likizo ikaja. Nikarudi nyumbani na kipimajoto cha kuazima na daftari jipya. Kila siku saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, naingia baharini, napima, naandika. Wiki tatu nzima maji yalikuwa ya kawaida kabisa. Nikamwambia mama, "Mama, joto si tatizo hapa."

Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, wewe umepima bahari. Hujapima shamba. Na saa hizo mwani umelala, hauna habari."

Akanichukua siku ya bamvua, wakati wa kaskazi. Nyinyi wa pwani mnajua, bamvua maji yanapwa sana kiasi cha saa nne, saa tano, na jua liko juu. Shamba linabaki na maji ya kufika magotini, yamesimama, hayaendi wala hayarudi. Akaniambia, "Haya, tia dude lako." Nikalitia. Lilipita nyuzi 30 na bado likawa linapanda. Niliona haya, bwana. Daftari la wiki tatu lote halikuwa na faida.

Nikamchukua mjini. Tulishuka Darajani, tukakata vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Mizingani, ambako kwa miaka mingi ilikuwapo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watafiti wa taasisi ile, akiwamo Dakta Flower Msuya, wamefanya kazi na wanawake wa mwani juu ya jambo hili hili. Waliwahi kujaribu kupanda kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halipandi ovyo, ndani ya nyavu ndefu kama mkono wa kanzu, ili tawi likikatika lisichukuliwe na mkondo. Njia hiyo ina mashaka yake. Inataka chombo, na wanawake wengi wa mwani hawakufundishwa kuogelea. Mama aliuliza papo hapo, "Na nikizama, nani ataanika?"

Hata hivyo, jioni ile alikaa juu ya ukuta wa bahari, akala urojo wake, akasema, "Kumbe sikuwa mvivu."

Na mimi sikumwambia kwamba joto peke yake ndilo lililomuulia mwani wake. Mbegu yenyewe tumeikata na kuipanda, tumeikata na kuipanda, vizazi kwa vizazi, na mbegu ya namna hiyo huchoka. Kuna na vile vimea kama nywele vinavyoota juu ya mwani na kuunyonga. Kutenganisha sababu hizi, kujua ipi imefanya nini, ndiyo kazi yenyewe anayotaka kuisomea binti yako.

Sasa nakujibu, mzee. Usiuze mtamba kwanza. Mpeleke mtoto Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, aulize masharti mapema, asingoje dakika ya mwisho. Aulize Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, aulize na Sokoine, alinganishe masomo na gharama. Matokeo yake ya biolojia, kemia, jiografia na hesabu yatazamwe vizuri, maana bila ya hayo mlango ni mwembamba. Na sitakudanganya: kazi hazimngoji mlangoni. Nawajua waliomaliza wakakaa nyumbani miaka miwili. Wengine wako Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, wengine mahotelini wanasimamia maji machafu, na mmoja anafuga majongoo ya bahari. Mimi nimeangukia Kizimbani, nazunguka na baiskeli.

Kama bado ana hamu, mlete Jambiani bamvua lijalo. Aje na viatu vya kukanyagia matumbawe na kofia. Mama bado anafunga kamba, na kipimajoto kipo. Saa nne, si saa moja.

Kwaherini.